Kanuni ya Samahani

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nifunge mdomo. Nilikuwa nimesimama kwenye jukwaa la kupokelea maziwa la kiwanda kimoja hapa Nakuru, buti za mpira zikinipwaya, mtandio nimeufunga kwa nyuma usije ukaingia mtungini, na cheti changu cha chuo nimekikunja mfukoni kana kwamba kuna mtu angekiomba. Kwetu ni Bondeni, mwendo mfupi tu kutoka kiwandani, lakini asubuhi ile niliona kama nimehamia nchi nyingine. Mkuu wa Jukwaa, mwanamume mrefu aliyezungumza na watu huku akitazama saa ya ukutani, alinipa kikombe cha bati.

"Binti, hapa hatuulizi maswali. Hapa tunaangalia."

"Tunaangalia nini, mzee?"

"Si nimesema hatuulizi?"

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu. Nyinyi vijana mnaoingia kazini leo mkipewa chai na mkeka wa kipanya cha kompyuta wenye nembo ya kampuni, mtadhani nawatania. Siwatanii. Nilifundishwa kwa kufokewa, na nilipostaafu nilikuwa nimewafundisha wapimaji wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka kwa majina, bila kumfokea hata mmoja. Lakini sikuketi kuandika ili nijisifu. Ninaandika kwa sababu ya msichana mmoja niliyemfundisha mimi mwenyewe, Chebet wa Olenguruone, ambaye alifukuzwa kazi kwa kusema samahani. Nasema haya kwa hasira, na hasira hiyo siiombei radhi.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Mpimaji wa maziwa husimama mlangoni. Mkulima huleta mtungi, mpimaji hunusa, huonja akihitaji, hutia maziwa kidogo kwenye spiriti aone kama yataganda, kisha hutumbukiza laktomita. Laktomita ni kijiti cha kioo kinachoelea. Maziwa mazito hukiinua, na maziwa yaliyotiwa maji hukiacha kizame. Kazi yote haichukui muda mrefu kuliko kufunga kamba za viatu. Ndani ya muda huo, mpimaji anaweza kufanya makosa ya aina mbili. Anaweza kupokea maziwa mabaya, nayo yakaharibu tangi zima. Au anaweza kukataa maziwa mazuri, na mtu aliyeamka gizani kumkamua ng'ombe wake akarudi nyumbani na aibu. Kosa la kwanza lina mwenyewe: meneja atakuja anapiga kelele. Kosa la pili halina mwenyewe, maana mkulima akishainua mtungi wake na kuondoka, hakuna anayemfuata.

Mara moja kwa mwaka tulikuwa na kitu kilichoitwa wiki ya mafunzo. Afisa kutoka makao makuu alikuja na Kitabu cha Kanuni, akatufungia katika chumba chenye madirisha yasiyofunguka, akatusomea Kiingereza kuanzia ukurasa wa kwanza. Watu waliotoka zamu ya alfajiri walilala wameegemeana. Mwishoni tulitia sahihi kwamba tumeelewa. Mimi niliyekuwa macho sikuelewa, na aliyekuwa akikoroma alitia sahihi vilevile. Nilikuwa nikitoka pale nikiwa nimekasirika mpaka mama yangu akiniona mlangoni tu anauliza, "Wamekusomea tena?"

Siku moja, nikitoka kusomewa, niliwakuta watoto wa mtaani kwetu wakicheza kati. Wawili wanarusha mpira wa soksi kutoka pande mbili, na aliye katikati anakwepa. Kulikuwa na mtoto mdogo aliyeanza kucheza siku hiyo. Mpira wa kwanza ulimpata mgongoni, wa pili ukampata kiunoni, wa tatu akaukwepa. Kufikia adhana ya magharibi alikuwa hashikiki. Nilisimama pale na mkoba wangu nikajiuliza: huyu nani amemsomea kitabu? Hakuna. Kanuni za kati ni chache, kila mtu anazijua. Ukikosea unajua papo hapo, kwa sababu mpira unauma, lakini hauumi sana, na unarudi tena mchezoni. Na kadiri unavyokwepa vizuri ndivyo wanavyokurushia kwa ujanja zaidi. Mambo hayo manne ndiyo niliyoyabeba maisha yangu yote ya kazi. Sasa yana wataalamu wake wanaoitwa wabunifu wa michezo, na wana vyeti. Mimi niliyapata barabarani Bondeni, nikiwa nimeshika mkoba.

Kituo changu cha pili kilikuwa Longonot, kituo kidogo cha kupokelea maziwa chini ya mlima, vumbi jingi na upepo. Msimamizi wa Kituo alikuwa mzee mpole aliyependa kunyamaza, na nikamkosea heshima moyoni nikidhani hana la kunifunza. Asubuhi moja nilikataa mtungi wa bibi aliyeishi hatua chache kutoka kituoni. Laktomita ilikuwa imezama, na mimi nikasema maji. Msimamizi hakunifokea. Aliushika mtungi kwa viganja viwili, akaniambia niushike na mimi.

"Mtungi una nini?"

"Ni wa moto, mzee."

"Basi ngojea. Maziwa ya jirani ndiyo yanayosingiziwa zaidi."

Hapo nilijifunza kitu ambacho kitabu kilikuwa kimekitaja mahali watu walipokuwa wamelala. Maziwa yanayotoka kiweleni sasa hivi yana joto, na maziwa yenye joto ni mepesi, kwa hiyo kijiti huzama. Jicho la haraka litasema yametiwa maji. Ndiyo maana mpimaji huanza na kipimajoto, kisha hufanya hesabu ndogo ya kurekebisha, au huyaacha yapoe apime tena. Tazama basi dhuluma yake: anayetoka mbali, maziwa yake yamepozwa na safari, hupita bila shida. Anayeishi jirani, aliyeleta maziwa mabichi kuliko yote, ndiye anayeitwa mwizi.

Kutoka Longonot nilihamishiwa Olenguruone, juu kule Mau, kwenye kituo cha kupozea maziwa. Baridi yake ilinifanya nivae soksi mbili, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni: wenyeji walinicheka kwa namna nilivyokuwa nikikumbatia kikombe cha chai. Mvua za mwaka ule ziliharibu barabara, lori likakwama kwenye matope, na sisi wapimaji tukabaki na siku za kukaa bure. Vijana walianza kugombana kwa sababu ya kukosa la kufanya. Nikawaambia tucheze.

Tuliuita Mwizi na Askari. Kikundi cha wezi kilipewa maziwa kiende nyuma ya stoo kiyafanyie wizi wowote, au kisiyafanyie chochote. Walitia maji, walitia unga, walichanganya dang'a, yale maziwa mazito ya ng'ombe aliyezaa juzi ambayo hayafai tangi. Kisha walileta mtungi mbele ya askari wakiwa na maneno yao tayari, mmoja anajifanya mama mwenye haraka, mwingine mzee mkali. Askari walipima na kutoa hukumu, na wezi walisema ukweli hapo hapo, mbele ya wote. Ukishinda, unapanda daraja, na wizi wa daraja la juu ni mgumu zaidi. Daraja la juu kabisa halikuwa na wizi wowote. Yalikuwa maziwa safi, mabichi, ya moto.

Na nikaweka kanuni moja iliyonigharimu usingizi kuifikiria. Askari akimshika asiye na kosa, hapotezi alama. Hubeba mtungi ule, hutembea nao mpaka kwa yule aliyemsingizia, husimama mbele yake na kusema: "Maziwa yako yalikuwa mazuri. Kosa ni letu. Samahani." Kisha mchezo unaendelea. Tuliiita Kanuni ya Samahani. Vijana walicheka sana mara ya kwanza. Walipoanza kubeba mitungi kuzunguka uwanja wakapunguza kucheka, wakaanza kushika kipimajoto kabla ya laktomita.

Habari zilimfikia Meneja wa Ubora kule Nakuru, akaniita. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kufukuzwa.

"Zuhura, nasikia unawafundisha watu wangu wizi."

"Ndiyo, bosi. Na kuushika."

Akasema, "Kuna stoo ya zamani nyuma ya karakana. Wakicheza wakamwaga maziwa yangu, nitakurudisha Longonot. Wakicheza wakaokoa maziwa yangu, mimi sitaki kujua mnafanya nini humo ndani." Mungu amlaze pema. Hiyo ndiyo barua ya kupandishwa cheo niliyoipenda kuliko zote, na haikuandikwa.

Nilifundisha katika stoo ile kwa miaka mingi. Ndiko Chebet alikonikuta. Alikuwa na stashahada yake ya maziwa, msichana mwembamba asiye na maneno mengi. Alizaliwa karibu na kituo cha Olenguruone, na tangu utotoni alikuwa akimsindikiza baba yake na mtungi mpaka kwenye lango lile. Nilipomuuliza anataka kufika wapi, wenzake wakitaja Nairobi na Dubai, yeye alisema anataka siku moja kushika funguo za kituo cha kwao, basi. Katika raundi yake ya kwanza alimsingizia asiye na kosa. Alibeba mtungi kuvuka uwanja, wenzake wakimshangilia kwa utani, na alipomaliza kusema maneno yale nikaona macho yamemjaa maji.

"Madam, hii mtungi ni nzito."

"Na hapo hauna maziwa ya mtu aliyeamka saa kumi."

Hakusahau. Alirudi Olenguruone, akawa mkuu wa zamu, na kila mtu alijua funguo zitakuwa zake mzee aliyezishika akistaafu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichemsha damu. Makao makuu walipata Meneja wa Mafunzo mpya, kijana mwenye adabu, mkono mwepesi wa salamu. Alimleta mtaalamu kutoka Nairobi. Wakaketi stooni kwangu raundi kadhaa, wakacheka, wakapiga picha. Mtaalamu alisema, "Madam, hii ni dhahabu." Nikafurahi kama mjinga. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilichezea kwetu, nikaibiwa.

Walirudi na mchezo wangu ukiwa ndani ya tableti. Una jina jipya, una rangi, unalia ting! Haukuwa tena wa stooni. Sasa ulikuwa unachezwa kazini, kwa maziwa ya kweli ya watu wa kweli. Mpimaji akikataa mtungi, nyota. Akipima haraka, nyota nyingine. Pale kantini wakatundika skrini yenye majina ya wapimaji wa vituo vyote, wa kwanza juu na picha yake, wa mwisho chini na picha yake pia. Kulikuwa na kisanduku cha kujaza joto la maziwa, lakini ungeweza kukiruka ukaendelea. Nilitafuta Kanuni ya Samahani kila mahali sikuiona. Nikamfuata meneja ofisini.

"Ile kanuni yangu mmeipeleka wapi?"

"Madam, ile ilikuwa kama adhabu. Adhabu inavunja watu moyo. Tunataka wa-enjoy."

"Haikuwa adhabu. Ilikuwa goli la pili. Nyinyi mmeng'oa goli moja uwanjani, halafu mnashangilia mabao."

"Lakini engagement iko juu sana, Madam. Wewe ni founder wetu. Tutaweka picha yako pia."

Wakaiweka kweli. Nilikuwa nikinywa chai kantini nikijitazama ukutani nikitabasamu juu ya jambo ninalolichukia. Mniambie, mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Niliandika malalamiko, nikaambiwa yamepokelewa. Nilisimama mikutanoni, nikapigiwa makofi. Hata wizi wa kawaida una heshima kuliko huu, maana mwizi wa kawaida akishachukua kitu chako hakualiki uje umshukuru.

Aliyeshika nafasi ya kwanza kwenye skrini alikuwa kijana wa Olenguruone, Brayo, mwepesi wa mikono na mdomo. Wa mwisho, miezi yote, alikuwa mkuu wake wa zamu, Chebet. Simlaumu Brayo. Mtoto ukimpa mpira na ukamwambia goli ni hapa, atapiga hapa.

Siku ya tukio sikuwapo. Nilisimuliwa na Chebet, na dereva wa lori aliyekuwa langoni akanisimulia vilevile. Asubuhi ilikuwa ya ukungu. Kogo Tabitha, bibi ambaye nyumba yake inatazamana na kituo, barabara tu katikati, alivuka na mtungi wake mdogo kama alivyofanya tangu kituo kijengwe. Vijana wote humwita Kogo, yaani nyanya, na Brayo pia. Maziwa yalikuwa yanatoa mvuke.

"Kogo, leo umeongeza maji," Brayo alisema.

"Maji nitatoa wapi, mtoto wangu, na mfereji umekauka?"

"Kijiti hakidanganyi, Kogo. Imezama."

Akaruka kisanduku cha joto. Akachukua chupa ya rangi nyekundu, ile tunayotia kwenye maziwa yaliyokataliwa ili yasiuzwe kwingine, akamimina. Tableti ikalia ting! Watu waliokuwa kwenye foleni wakamtazama bibi mzima akiwa amesimama na maziwa mekundu kama mtu aliyekamatwa. Dereva aliniambia hakuondoka na mtungi. Aliuacha pale pale, akavuka barabara mikono mitupu.

Chebet alitoka kwenye chumba cha tangi akakuta mtungi umesimama peke yake. Aliuliza, akaambiwa. Alitia kipimajoto na laktomita kwenye yale maziwa mekundu, akafanya hesabu kichwani, na maziwa yalikuwa mazuri. Hakumfokea Brayo. Alimwambia aendelee kuhudumia foleni, akainua mtungi, akautia mgongoni, akavuka barabara na kupanda kile kilima kidogo mpaka mlangoni kwa Kogo, majirani wakitazama.

"Kogo, maziwa yako yalikuwa mazuri. Kosa ni letu. Samahani."

"Umekosea wewe?"

"Ni sisi, Kogo."

Kogo aliupokea mtungi, akamvuta Chebet ndani, akampa strungi, chai kavu, kwa sababu maziwa ya siku ile ndiyo yale. Chebet aliinywa upesi akarudi kazini. Hiyo ndiyo hatia yake yote.

Aliitwa Nakuru. Mashtaka yalikuwa mawili: kuondoka kituoni bila ruhusa, na kukiri kosa kwa niaba ya kampuni bila kuwa na mamlaka ya kukiri. Lisome tena la pili. Mimi nililisoma mara kadhaa nikidhani miwani yangu ina ukungu. Chebet alishuka na baba yake, amevaa nguo za kanisani, wakaketi kwenye benchi la nje kama watu wanaongoja daktari. Mimi niliitwa kama mkufunzi wake.

Meneja wa Mafunzo ndiye aliyeuliza maswali.

"Chebet, wewe ni mkuu wa zamu. Kila mwezi uko namba ya mwisho. Nyota zako ziko wapi?"

Msichana yule asiye na maneno mengi alisema, "Ziko kwa mitungi ya watu sikuwarudishia maziwa."

Mimi nikaingilia, nikaeleza joto, nikaeleza laktomita. Meneja aliinua mkono kwa upole.

"Madam, hayo tunayajua. Mimi nimesomea hayo. Hakuna mtu hapa anabisha maziwa yalikuwa sawa."

"Basi kosa lake ni lipi?"

"Leo ameomba samahani kwa mtungi mmoja. Kesho kila mkulima tuliyemrudishia atataka yake. Tutaanzia wapi?"

"Mtaanzia kwa Kogo! Mmekwisha anza!"

"Madam, with due respect, hii ni disciplinary, si mchezo."

Naapa, nilisimama bila kujua nimesimama. Walikuwa wamechukua mchezo wangu wakaufanya kazi, na msichana alipoifanya kazi kwa kanuni ya mchezo, wakamwambia hapa hatuchezi. Wangekuwa hawajui, ningewafundisha, ndiyo kazi niliyoifanya umri wangu wote. Lakini walijua. Mtu anayejua humfundishi kitu. Chebet alifukuzwa siku ile ile, na baba yake alitushukuru sote kwa kupeana mikono, mmoja mmoja, kwa ile adabu ya watu wa zamani, na mkono wake ulipofika kwangu sikuweza kumtazama.

Muda si mrefu nikastaafu. Walinifanyia sherehe kantini, chini ya ile skrini, na keki yenye umbo la mtungi. Meneja alinipa nyota ya dhahabu, lakini si ya kushika. Ilitumwa kwenye simu yangu. Simu ikalia ting! na watu wakapiga makofi. Niliomba kipaza sauti nikasema, "Nyota hii nairudisha. Nipeni Chebet." Wakacheka, wakidhani ni utani wa mzee, na mtu akaongeza sauti ya muziki.

Mchezo hufundisha unachokituza, si unachokihubiri. Nendeni Olenguruone mkaone. Wakulima nao walijifunza. Majirani wa kituo walianza kukaa na maziwa nyumbani mpaka yapoe ndipo wavuke barabara, na mengine yakachacha wakingoja. Wengine, watu ambao hawakuwahi kutia hata tone, wakaanza kutia unga kidogo ili kijiti kisizame. Waliitwa wezi mpaka wakaona heri wawe. Wengi walihamia kwa wachuuzi wa pikipiki wasiopima chochote. Tangi likaanza kurudi Nakuru likiwa nusu, na hapo ndipo simu yangu ilipolia.

"Madam Zuhura, habari ya kustaafu? Tunaomba uje utuwekee mchezo sawa."

Nilikuwa uani Bondeni napepeta mchele. Niliweka ungo chini. Nilimwambia Meneja wa Mafunzo, maana ndiye aliyepiga, kwamba nitakuja bure, kwa masharti mawili. La kwanza, Chebet arudi na apewe funguo. La pili, yule aliyeondoa kanuni yangu aende Olenguruone yeye mwenyewe, abebe mtungi kutoka langoni, auvushe barabara, amfikishie Kogo Tabitha mlangoni na aseme yale maneno. Si marefu, nikamwambia, hata mtoto anayashika.

"Nitalishughulikia, Madam."

Nikasafiri kwenda kumpasha Chebet habari. Nilimkuta shambani kwa baba yake akichimba viazi, mikono imejaa udongo mweusi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Akija, nitarudi," alisema. "Asipokuja, viazi haviniulizi nyota."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini aligeuza uso kuelekea kituoni, na bati la paa lake linaonekana kutoka pale shambani. Huwezi kuniambia haumii. Jioni tulikwenda pamoja kwa Kogo, tukaketi jikoni, nikamweleza yale masharti. Simu ya Kogo ikalia juu ya kabati, na kutoka nje tukasikia ya jirani ikilia, na ya jirani mwingine. Kogo akampa Chebet amsomee. Ujumbe ulitoka kampuni. Ulisema: Mpendwa mkulima, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Tunathamini ushirikiano wako. Tafadhali usijibu ujumbe huu.

Kogo akaelekeza kidole kwenye simu. "Hapo mwisho inasema nini?"

"Inasema usijibu, Kogo."

Bibi yule aliinuka. Akatoa mtungi wake nyuma ya mlango, mtupu, mpira wa kifuniko ukiwa bado na wekundu ambao hakuna majivu yaliyoweza kuutoa. Akavuka barabara, nasi nyuma yake, akauweka katikati ya lango la kituo, akauegesha vizuri kwa jiwe usianguke.

Asubuhi yake nilikuwa pale. Brayo alifika kazini, akauona, akautambua. Kisha akainama, akaushika mikono miwili ili auinue. Kogo alikuwa mlangoni kwake, ng'ambo ya barabara, akamwita.

"Uache, mtoto wangu. Wewe ulifundishwa. Mngoje bosi aliyekufundisha."

Brayo akauacha. Mpaka leo ninapoandika haya, mtungi uko langoni. Lori la kampuni huingia kila asubuhi, dereva hupunguza mwendo, huupita kando.